Mfransisko wa Kamina: Placide Tempels, kitabu chake na Jamaa

Placide Tempels, mtawa Mfransisko kutoka Flandria nchini Ubelgiji, alifanya kazi ya umisionari Katanga tangu mwaka 1933 hadi 1962. Miaka ya mwanzo aliishi kati ya Baluba, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Haut-Lomami, na miaka ya mwisho katika kambi za wachimbaji wa shaba mjini Kolwezi. Anakumbukwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, kilichotolewa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. La pili ni Jamaa, mwendo wa waumini Wakatoliki, mke na mume kwa pamoja, ulioanzia Kolwezi katika miaka ya 1950 na kuenea Katanga na Kasai. Kitabu kiliwakera wakubwa wa Kanisa na wa koloni. Jamaa iliwatia wasiwasi zaidi. Mara zote mbili mtawa mwenyewe alijikuta Ubelgiji, na mara ya pili hakurudi tena.

Haut-Lomami ina wilaya tano: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Kaniama iko upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Kasai, mahali ambapo Baluba wa Katanga ni majirani wa Bena Kanyok. Siku hizi redio huitaja zaidi kwa sababu ya kambi ya Service National ya Kaniama-Kasese, wanakopelekwa vijana wa kuluna, yaani magenge ya mitaani, kutoka Kinshasa wakalime mahindi na kujifunza ufundi. Wakati wa Tempels ilijulikana kwa reli. Njia ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Ilipita Kamina, kisha Kaniama, ikaingia Kasai kwa Luputa na Mwene-Ditu hadi Luluabourg, mji ambao sasa ni Kananga. Kwa reli hiyo shaba ilisafirishwa kwenda bandari ya mto Kasai, na watu walisafirishwa upande wa pili, kwenda migodini.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyomiliki migodi, ilikuwa imetumia kwa miaka mingi vibarua wa muda mfupi waliokuja peke yao na kurudi kwao wakiwa wamechoka au wagonjwa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili utaratibu. Ilianza kuandikisha watu kwa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuja na wake zao, ikawajengea nyumba, shule na zahanati ndani ya kambi. Wengi waliandikishwa Lomami na Kasai. Uamuzi huo ulifanywa kwa hesabu ya faida, maana mfanyakazi mwenye familia alikaa muda mrefu na alizaa wafanyakazi wa kesho. Hata hivyo una uzito katika habari hii kuliko barua nyingi za maaskofu: bila mke na mume chini ya paa moja kambini, Jamaa isingekuwa na pa kuanzia.

Wafransisko wa Ubelgiji walikabidhiwa eneo la Lulua na Katanga ya Kati, lililofanywa prefektura ya kitume mwaka 1922. Humo ndimo lilimotoka jimbo katoliki la Kamina mwaka 1959. Hawakuwa peke yao. Waingereza William Burton na James Salter walikuwa wamefungua misioni ya Kipentekoste huko Mwanza ya Baluba mwaka 1915, na Wamethodisti wa Marekani walikuwa Kapanga. Kila upande ulikuwa na shule zake na dawa zake, na wanakijiji walijua kupima faida ya kila mmoja. Lakini padri Mkatoliki alikuwa na kitu ambacho Mprotestanti hakuwa nacho: serikali ya Kibelgiji ilimwona kuwa mtu wake. Serikali, Kanisa na kampuni zilikuwa mafiga matatu ya koloni. Baluba walikuwa na sababu ya kulikumbuka hilo. Mfalme Kasongo Nyembo, ambaye ufalme wake uligawanywa kati yake na Kabongo, alipambana na Wabelgiji kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kuondolewa katika nchi yake. Watu wazima waliomwona padri mgeni akishuka kituoni mwaka 1933 walikuwa wameyaona hayo kwa macho yao.

Padri huyo alizaliwa Berlaar, mkoa wa Antwerp, tarehe 18 Februari 1906, jina lake Frans. Alijiunga na Wafransisko mwaka 1924, akapewa jina la utawa la Placide, akapadrishwa mwaka 1930. Katika kijitabu alichokitoa mwaka 1962 alieleza mwenyewe alivyoanza kazi, na maelezo yake hayakumpendelea. Alikuja, asema, kama bwana. Alikuwa mzungu, alikuwa padri, alikuwa na ukweli wote mkononi. Kazi yake ilikuwa kufundisha na kuamuru, na ya watu ilikuwa kuitikia. Nao waliitikia. Walijifunza katekisimu kwa moyo, walibatizwa, waliimba. Kilichomsumbua ni kwamba maisha yao yaliendelea pembeni ya yote hayo, na mambo mazito, yaani ugonjwa, kifo, utasa, ugomvi wa ukoo, yalikwenda kuamuliwa mahali ambapo yeye hakuwepo.

Ilimchukua karibu miaka kumi kubadili swali. Badala ya kuuliza watu hawa wanakosa nini, alianza kuuliza wanafikiri nini. Alikusanya methali, maana ya majina, maneno ya dawa na ya mashauri ya wazee. Alisikiliza hata salamu. Aliandika kwamba Baluba wanaposalimiana humwambia mwenzao kuwa ana nguvu, kuwa ana uzima ndani yake, na wanapompa pole mtu hutaja kupungua kwa nguvu hiyo. Mambo hayo yasingemshangaza mtoto wa Kamina. Kwake yeye yalikuwa mlango.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita, na vita vilimkamua Mkongo sana. Koloni ilitakiwa kutoa shaba, bati, mpira na pamba kwa ajili ya mataifa yaliyopigana na Ujerumani, huku bei za vitu zikipanda na mishahara ikibaki chini. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, wakaua makumi ya watu, akiwemo Léonard Mpoyi aliyewasemea wenzake. Tarehe 20 Februari 1944 wanajeshi wa Force Publique, jeshi la koloni, waliasi Luluabourg, mji ulio kwenye reli ile ile ya Kamina na Kaniama. Kwa serikali hayo yalikuwa makosa ya nidhamu. Tempels aliyaona kwa jicho jingine. Mwaka 1944 na 1945 aliandika makala katika gazeti la L'Essor du Congo la Elisabethville juu ya haki ya kijamii na juu ya namna wenyeji wanavyotawaliwa. Moja, ya Agosti 1945, ilikuwa na kichwa kilichotaja falsafa ya uasi. Baadhi ya makala za mjadala huo zilikusanywa mwaka huo huo katika kitabu kilichoitwa Dettes de guerre, yaani madeni ya vita. Jina hilo lilitosha kuwaudhi waliodhani kwamba Ubelgiji haidaiwi na mtu.

Wakati huo huo, akiwa katika misioni za Kabondo-Dianda na Kamina, aliandika kile kilichompa umaarufu. Hoja yake ilikuwa kwamba Baluba, na Wabantu kwa jumla, wana falsafa yao, iliyo kamili na yenye mpango, hata kama hawajaiandika. Mzungu, alisema, hukiona kitu kwanza kama kitu kilichopo, kisha akauliza kina nguvu gani. Mbantu hawezi kutenganisha hayo mawili, kwa sababu kwake kuwepo ndiko kuwa na nguvu. Nguvu zote zimepangwa: Mungu juu, kisha waasisi wa koo, kisha wafu, kisha walio hai kwa kufuata ukubwa wao, chini yao wanyama, mimea na madini. Nguvu moja inaweza kuongeza au kupunguza nyingine. Mtu hayuko peke yake. Huongezeka kwa kuzaa, kwa kuungana na wenzake, kwa baraka ya mkubwa wake, na hupungua kwa uchawi, kwa fitina na kwa kudharauliwa.

Neno hili la mwisho ndilo lililokuwa na moto wa siasa ndani yake. Kama mtu hupungua kwa kudharauliwa, basi koloni nzima, pamoja na misioni zake, ilikuwa ikiwapunguza watu huku ikidai kuwastaarabisha. Tempels alieleza kwamba Baluba walipomwona mzungu kwa mara ya kwanza walimweka katika ngazi yao ya nguvu, karibu na wakubwa, wakitegemea kupata uzima kwake; na kwamba hasira ya waliosoma ilitokana na kuona kuwa mkubwa huyo hakuwa na nia ya kumwongezea mtu yeyote. Si kitabu cha mwanamapinduzi. Mwandishi aliamini kazi ya Ubelgiji na aliandika kwa ajili ya wakoloni wenye nia njema, akitaka wafanye kazi yao vizuri zaidi. Wasomaji wengine waliona mbali kuliko yeye.

Aliandika kwa Kiholanzi cha kwao Flandria, na hilo halikuwa jambo dogo. Ubelgiji ya utoto wake ilitawaliwa na wasemao Kifaransa. Mtoto wa Kifleming alijua tangu shuleni jinsi lugha ya mama inavyoweza kuitwa lugha ya wakulima. Wamisionari kadhaa wa Kifleming walikuja Kongo na kidonda hicho, na kikawafanya wasikilize lugha za wenyeji kwa makini. Mmoja wao alikuwa Gustaaf Hulstaert, aliyeendesha jarida la Aequatoria karibu na Coquilhatville, Mbandaka ya leo, na ambaye Tempels aliandikiana naye barua nyingi kuhusu kitabu. Mwanasheria wa Elisabethville, Antoine Rubbens, naye Mfleming, ndiye aliyekitafsiri kwa Kifaransa kikatolewa na nyumba ya uchapishaji ya Lovania mwaka 1945. Chapa ya Kiholanzi ilifuata Antwerp mwaka 1946.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza vikariati ya Katanga na aliyekuwa sauti kubwa kuliko zote za Kanisa katika mkoa huo, alikipinga kitabu hadi Roma. Hakuwa mkuu wa Wafransisko wa Lulua, lakini neno lake lilisikika katika ofisi za serikali na za kampuni. Kwake, kuwapa wenyeji falsafa kulikuwa kuwavuruga, na kuandika habari za madeni magazetini kulikuwa kucheza na kiberiti penye majani makavu. Mwaka 1946 Tempels alikwenda Ubelgiji kwa likizo, na likizo hiyo ikarefuka hadi 1949. Hakuna aliyemfunga. Kwa mtawa haihitajiki: ameweka nadhiri ya utii, na mkuu wa shirika humwambia tu aende wapi na akae wapi.

Njia hiyo ya kumtuliza mtawa aliyesogea karibu mno na watu ilikuwa imekwisha kutumika kwingine, ndani ya ukoo huo huo wa Mtakatifu Fransisko. Wakapuchini ni tawi la Wafransisko, na monasteri yao ya Church Street mjini Dublin ilikuwa katikati ya mapigano ya Pasaka ya mwaka 1916, Waireland walipotangaza jamhuri na kuinuka dhidi ya Uingereza. Ndugu wa nyumba hiyo, wakiwemo Albert Bibby, Augustine Hayden na Aloysius Travers, waliwahudumia viongozi wa uasi katika gereza la Kilmainham kabla hawajapigwa risasi mwezi Mei. Waliingia kama mapadri wa kuungamisha. Baadhi yao walitoka wakiwa marafiki wa harakati. Dominic O'Connor, Mkapuchini wa Cork, alikuwa kasisi wa meya Terence MacSwiney aliyekufa kwa mgomo wa kula katika gereza la Brixton mwezi Oktoba 1920, na yeye mwenyewe akafungwa na Waingereza muda mfupi baadaye.

Mambo yaligeuka mwaka 1922, Waireland walipogawanyika juu ya mkataba na Uingereza. Albert na Dominic walikuwa pamoja na wapiganaji wa jamhuri ndani ya jengo la mahakama la Four Courts lilipopigwa mizinga na serikali mpya ya Waireland wenyewe. Mwezi Oktoba maaskofu walitoa waraka wa kuwalaani wapiganaji hao. Wakapuchini hao wawili wakapelekwa Marekani, Dominic katika mji wa Bend, Oregon, na Albert California, ambako alifariki mwaka 1925. Dominic alifariki mwaka 1935. Ilipofika 1958, jamhuri ikiwa imesimama na hakuna tena wa kuwaogopa, mifupa yao ilirudishwa Ireland kwa heshima. Shirika lao, kwa upande wake, lilikuwa limefika karibu na Katanga: mwaka 1931 Wakapuchini wa Ireland walianza misioni Barotseland, katika Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo.

Tofauti kati ya Dublin na Kamina ni kubwa, na haifai kufichwa. Mkapuchini wa Ireland aliungana na watu wa damu yake, katika harakati iliyokuwepo kabla yake, yenye jeshi na bendera. Tempels alikuwa raia wa nchi iliyotawala. Hakuwa na harakati ya kujiunga nayo, na ile iliyokuja kuzaliwa kwa mafundisho yake haikuwa na bunduki wala madai ya uhuru.

Aliruhusiwa kurudi Kongo mwaka 1949. Wakati huo kitabu chake kilikuwa kimeanza maisha ya pili bila yeye. Msenegali Alioune Diop, mwanzilishi wa Présence Africaine, alikichapisha Paris mwaka huo huo kikiwa kitabu cha kwanza cha nyumba yake ya uchapishaji, na akakiandikia dibaji ya kukisifu. Mwaka 1953 Tempels alipewa kazi Kolwezi, katika kambi ya Musonoi ya Union Minière. Hapo palikuwa mbali na kijiji cha Baluba alichokizoea. Nyumba zilipangwa kwa mstari, king'ora kiliita zamu, chakula kilipimwa na kampuni, na majirani walitoka kila upande: Baluba wa Kasai, Baluba wa Katanga, Lunda, Chokwe, Bemba, Kanyok. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Katanga. Mtu aliyekuwa ameandika juu ya Wabantu kwa Kiholanzi na kusomwa kwa Kifaransa sasa alilazimika kusema nao kwa lugha ya kambi, na ndipo mawazo yake yalipopata wenyewe.

Kilichotokea Musonoi kilianza kwa watu wachache, wake na waume, waliokuwa wakizungumza naye kwa faragha kuliko ilivyokuwa desturi kati ya mzungu na mfanyakazi. Aliwaeleza maisha yake mwenyewe, nao wakamweleza yao. Aliwauliza mtu anatamani nini kuliko vyote. Majibu yaliyokusanyika yakawa mawazo matatu ambayo Jamaa ilisimama juu yake: uzima, uzazi na mapendo. Kila mtu anataka kuwa mzima, anataka kuzaa, anataka kupendwa na kuungana na mwenzake. Kristo, walifundishana, hakuja kuyafuta hayo, alikuja kuyatimiza. Ni falsafa ile ile ya mwaka 1945, lakini imeondolewa ngazi za ukubwa na kuwekwa nyumbani, kati ya baba na mama.

Mtu hakuingia Jamaa peke yake. Waliingia mke na mume, na waliingizwa na mke na mume wengine waliotangulia, ambao wakawa baba na mama yao wa kiroho. Jioni, baada ya zamu, waliokuwa wakijifunza walikwenda nyumbani kwa wazazi hao. Wakubwa waliuliza, wadogo wakajibu, wakaulizwa tena, mpaka wazo likawa lao wenyewe wala si la kukariri. Kulikuwa na hatua tatu, zilizoitwa njia, na kila njia ilichukua muda wake. Waliambiana matatizo ya ndoa yao, walisimuliana ndoto na kuzitafuta maana. Mbele ya wengine mume alimwita mkewe mama kwa heshima, na mke akamwita mumewe baba, na vyeo hivyo vilikuwa sawa. Katika kambi ambamo mwanamume alihesabiwa kwa namba yake ya kazi na mwanamke kwa posho ya chakula, kukaa usiku mzima mkizungumza juu ya uzima wenu kulikuwa jambo jipya kabisa. Tempels mwenyewe aliitwa Baba Placide, na alipenda kusema kwamba hakuanzisha kitu. Watu walikuwa wamekutana, basi.

Mafundisho yalisafiri kwa reli. Wafanyakazi walihamishwa kutoka mgodi mmoja hadi mwingine, walikwenda likizo kwao, walistaafu na kurudi vijijini, nao walibeba mawazo hayo hadi Elisabethville, Jadotville (Likasi ya leo), Kamina na Kasai. Wengi wa wanachama wa mwanzo walikuwa Baluba wa Katanga na wa Kasai, lakini makabila yalichanganyika, na baba wa kiroho wa Mluba aliweza kuwa Mlunda. Mapadri kadhaa, Wafransisko na wengineo, nao waliingia.

Wakubwa walisikia harufu ya kitu walichokijua. Tangu mhubiri Simon Kimbangu alipokamatwa mwaka 1921, koloni ilikuwa ikiogopa kila kundi la dini lililokutana bila mzungu. Katanga ilikuwa na hofu yake maalum, Kitawala, iliyofika kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kufundisha kwamba utawala wa sasa utapinduliwa. Jamaa haikufundisha mapinduzi yoyote. Ilikwenda misa, ililipa zaka, ilipinga ulevi. Lakini ilikutana usiku, ilikuwa na hatua za siri, na iliwapa waumini wakubwa wengine nje ya paroko na msimamizi wa kambi. Katika koloni hilo lilitosha.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Katanga ilijitenga chini ya Moïse Tshombe siku kumi na moja baadaye, na Baluba wa kaskazini, walioongozwa na chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, wakaingia vitani naye. Kambi ya kijeshi ya Kamina, iliyojengwa na Wabelgiji, ikawa mikononi mwa Umoja wa Mataifa. Hapo Ireland inaingia katika habari hii kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Jamhuri ile ya Wakapuchini wa Dublin ilituma wanajeshi wake Kongo, mara yao ya kwanza kutuma vikosi vizima nje chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 8 Novemba 1960 doria yao ilishambuliwa na wapiganaji Baluba huko Niemba, na Waireland tisa walikufa. Watoto wa waasi wa 1916 walichukuliwa na vijana wa Balubakat kuwa wazungu wa Tshombe. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, kombania moja ya Waireland ilizingirwa Jadotville na askari wa Tshombe wenyewe, ikapigana siku tano kabla ya kujisalimisha.

Katika machafuko hayo Baluba wa Kasai walifukuzwa miji ya Katanga kwa maelfu, na nyumba nyingi za Jamaa zilivunjika. Waliopanda treni kurudi Kasai kupitia Kamina na Kaniama walipanda Jamaa huko. Uenezi huo haukupangwa na mtu.

Mwaka 1962 Tempels alirudi Ubelgiji kwa matibabu. Safari hii hakuruhusiwa kurudi Kongo. Roma ilikuwa imeanza kuuliza maswali juu ya mafundisho yake, na utii ukafanya kazi yake tena. Aliishi katika nyumba ya Wafransisko mjini Hasselt hadi alipofariki tarehe 9 Oktoba 1977.

Huku Katanga, watafiti walianza kufika. Johannes Fabian alikaa Kolwezi mwaka 1966 na 1967 akirekodi mafundisho kwa Kiswahili, na kitabu alichokitoa mwaka 1971 bado ndicho kinachoonyesha kwa karibu zaidi namna wanachama walivyosema wenyewe. Mjesuiti Willy De Craemer alitoa chake mwaka 1977, kikiangalia zaidi uhusiano na Kanisa. Wote wawili walikuta mwendo ambao hauhitaji tena mzungu. Kulikuwa pia na kugawanyika. Kundi lililoitwa Katete lilishutumiwa kwa kugeuza umoja wa kiroho kuwa umoja wa miili, na shutuma hiyo ikawaangukia hata wasiohusika. Uhusiano wa mapadri na mama wa kiroho, hata ulipokuwa safi, uliwapa maaskofu sababu ya kuingilia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 maaskofu, sasa wengi wao Wakongo, walibana. Wanachama walitakiwa kukana mafundisho ya siri na kukubali kuongozwa na paroko. Waliokataa walitengwa na sakramenti. Inashangaza kidogo kwamba Kanisa lililokuwa likihubiri kujitafutia sura ya Kiafrika katika miaka hiyo hiyo lilishindwa kuvumilia sura moja iliyokuwa tayari, yenye lugha yake na walimu wake. Pengine sababu ni hiyo hiyo: Jamaa haikumsubiri askofu aiumbe.

Kitabu nacho kilipata wapinzani wa aina nyingine. Aimé Césaire, katika andiko lake dhidi ya ukoloni la mwaka 1950, alikifanyia mzaha mchungu: kwa maoni yake, kusifu roho ya Mbantu huku shaba yake ikichukuliwa kulikuwa njia ya kukwepa deni. Padri Mnyarwanda Alexis Kagame alikijibu kwa heshima mwaka 1956, akifanya kwa Kinyarwanda kazi ya uchambuzi wa lugha ambayo Tempels hakuifanya. Mkameruni Fabien Eboussi Boulaga alikikosoa vikali mwaka 1968, na Mbenini Paulin Hountondji katika miaka ya 1970 alikataa kabisa kwamba mawazo ya kabila zima, yasiyo na mwandishi, yanaweza kuitwa falsafa. Mkongo V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941 na kusomeshwa na wamonaki, alimpa Tempels nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1988, akimsoma kama dalili ya koloni iliyokuwa ikianza kujitilia shaka. Karibu wote walijadiliana na kitabu cha Kamina. Kolwezi hawakuigusa sana, labda kwa kuwa mafundisho ya Musonoi yalikuwa kwa Kiswahili na hayakuuzwa dukani.

Katika miaka ya 1980 vikundi vya Uamsho wa Karismatiki vilipoenea katika parokia za Lubumbashi na miji mingine ya Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, baadhi ya waliojiunga navyo walikuwa wamewahi kuwa baba na mama wa Jamaa.